Usitie Patasi Kabla Hujauliza

Mwenye ngoma ya lokole iliyopoteza sauti hutaka kuipasua aone imepatwa na nini. Mnunuzi wa almasi huligonga jiwe kwa nyundo, eti anapima ugumu wake. Aliyerithi sanamu ya babu huichonga kipande mgongoni ili mgeni amtajie jina la mti, na mchimbaji anayekuta chungu cha kale shimoni hukitoa vigae kwa vigae. Katika teritori ya Banalia, kilomita 128 kaskazini mwa Kisangani, watu huishi kwa msitu, dhahabu, almasi na maji ya mto Aruwimi, na vitu vizuri vinaharibika kwa sababu mtu alitaka kujua vina nini ndani.

Ipo njia ya kujua bila kuvunja. Ni skana ya eksirei, ndugu wa ile mashine ya hospitali, iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu. Naiamini sana njia hii, na kwa sababu hiyo sitaki umpeleke mtu au kitu safari ya mbali kwa matumaini yasiyo na msingi. Mara nyingi swali lako linaweza kujibiwa hapo hapo nyumbani kwa mizani, ndoo ya maji na kipande cha chaki. Mara nyingine hakuna kinachoweza kulijibu isipokuwa skana. Kazi ya makala hii ni kukusaidia kutofautisha.

Picha ya kawaida ya eksirei, ile aliyoigundua Wilhelm Röntgen mjini Würzburg mwaka 1895, ni kivuli. Kila kilicho mbele na kila kilicho nyuma hulaliana juu ya bamba moja, na ufa ulio ndani ya ngoma huchanganyika na kuta zote mbili. Mtu aliyeanza kufungua fundo hili kwa hesabu alikuwa Mwafrika Kusini, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956 alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, akajiuliza kama mionzi iliyopita katika kitu kutoka pembe nyingi inaweza kukokotolewa hadi ijulikane kila sehemu ya ndani imezuia kiasi gani. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na watu wachache wakayajali. Mwingereza Godfrey Hounsfield alijenga mashine bila kuijua kazi hiyo, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Hospitalini mgonjwa hulala na mashine humzunguka. Katika maabara ya vitu, mashine husimama na kitu ndicho huzunguka polepole juu ya kisahani, kikipigwa vivuli mamia hadi maelfu. Kompyuta hukusanya vivuli hivyo na kuvigeuza vipande vyembamba kama vya chikwange iliyokatwa, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ukishavipata unaweza kukikata kitu kwenye skrini upande wowote, mara nyingi upendavyo, na chenyewe kikabaki kizima mezani. Sehemu nzito huonekana nyeupe, nyepesi huwa kijivu, hewa huwa nyeusi.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo itakuokoa fedha nyingi. Chukua upana wa kitu chako, ugawe kwa 2,000. Jibu ni takriban ukubwa wa kitu kidogo kabisa ambacho skana nyingi za maabara zinaweza kukitenga. Lokole yenye upana wa sentimita 60 itakupa karibu theluthi moja ya milimita: utaona ufa, tundu la bungua, unene wa ukuta. Hutaona nyuzi za mti, maana hizo ni sehemu ndogo sana ya milimita, na ili kuzifikia unahitaji kijiti cha milimita chache tu. Jiwe la milimita 4 litaonekana kwa mikroni 2. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba atapiga skana ngoma nzima na kukutajia aina ya mti kwa uhakika kutokana na picha hiyo hiyo, muulize amegawaje.

Tuanze na mbao, maana hapo mkoa wetu wa Tshopo una bahati. Yangambi, mtoni chini ya Kisangani, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA chenye hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa, mkusanyiko wa sampuli za mbao na maabara ya biolojia ya mbao. Wataalamu wake wamefanya kazi pamoja na makumbusho ya Tervuren na Chuo Kikuu cha Ghent huko Ubelgiji, na Ghent ina kituo cha tomografia kiitwacho UGCT. Vijiti vilivyotolewa katika miti ya misitu ya Kongo hupigwa skana, na picha huonyesha msongamano wa mbao kuanzia gome hadi moyo pamoja na pete za ukuaji. Kutokana na hayo watafiti husoma mti umekua kwa kasi gani na umehifadhi kaboni kiasi gani. Miti yetu mingi haina pete zinazoonekana vizuri kwa macho, maana hatuna baridi kali ya kuusimamisha mti kila mwaka. Skana husaidia kuzitambua pale jicho linaposhindwa.

Ikiwa una shaka na jina la mbao uliyonunua, kwa mfano umeuziwa kitu kama afromosia nawe huna hakika, usifikirie Ghent. Anzia Yangambi. Kipande kidogo kama kidole, kilichokatwa safi, kinatosha kwa hadubini na ulinganisho na mkusanyiko wao. Na kumbuka kwamba afromosia, yaani Pericopsis elata, imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka 1992. Uliza idara ya mazingira kabla hujatuma hata kijiti nje ya nchi, ueleze ni sampuli ya utafiti.

Gogo zima ni jambo jingine. Viwanda vikubwa vya mbao Ulaya na Amerika vina skana zinazopitisha gogo lote ili msumeno ujue pa kukata. Sisi hatuna, wala sioni haja ya kulilia mashine hizo Banalia leo. Kabla ya kuangusha mti, ugonge kwa nyundo ya mbao ukilizunguka shina, usikilize. Penye uwazi sauti hubadilika, na mzee aliyezoea msitu huisikia kabla yako. Ukitaka kuhakikisha, tumia keekee ya kutoa kijiti chembamba cha milimita 5. Jeraha lake ni dogo kuliko la kuangusha mti uliooza na kuuacha uozee chini.

Sasa vitu vya urithi, ambavyo ndivyo hasa vilivyonifanya niandike.

Lokole husema kwa sauti mbili, nene na nyembamba, kwa sababu fundi amechonga midomo miwili ya unene tofauti, akipitisha chombo ndani ya mlango mwembamba asioweza kupitisha hata kichwa. John Carrington, mmisionari wa Yakusu karibu na Kisangani, alichapisha mwaka 1949 kitabu kuhusu ngoma zinazosema. Maneno ya ngoma yanaweza kukaa kitabuni. Unene wa ukuta, mteremko wa ndani, mahali fundi alipoacha nyama ya mti na mahali alipoikonda, hayo hayakai kitabuni, na fundi akifa huenda nayo. Skana inaweza kuyapima yote kwa usahihi wa chini ya nusu milimita, na mwanafunzi wa uchongaji akapata vipimo vya ngoma ya babu bila kuigusa. Kama kijiji chako kina lokole ya zamani ambayo bado inalia vizuri, hiyo ndiyo ya kupigwa skana kwanza. Watu hukimbilia kilichovunjika. Mimi nakuomba upime kilicho kizima, wakati bado ni kizima.

Kwa sanamu na vinyago, skana huonyesha mambo matatu ambayo mwenye kitu huyahitaji: bungua walipopita, viungo vilivyogundishwa baadaye, na vitu vilivyofichwa ndani. Brussels yuko mtaalamu wa radiolojia, Marc Ghysels, aliyejulikana kwa kupiga skana sanaa ya Afrika. Kazi yake imeonyesha jinsi sanamu ya udongo inayouzwa kama kitu kimoja cha kale inavyoweza kuwa imeungwa kwa vipande visivyohusiana. Wanunuzi wanaogopa skana kwa sababu hiyo. Wewe mwenye mali usiiogope: picha ya ndani ni cheti ambacho mwizi hawezi kukighushi. Sanamu ikiibwa na kuonekana mnadani miaka kumi baadaye, mikondo ya mti na njia za bungua ndani yake zitaitambulisha hata ikiwa imepakwa rangi mpya.

Lakini hapo kwenye vitu vilivyofichwa, simama. Kuna vitu ambavyo wazee waliviziba makusudi, na kuvitazama kwa eksirei ni kuvifungua. Kusema kwamba hukukigusa si jibu. Kabla ya skana, kaa na wenye kitu, waeleze kwamba yaliyomo yataonekana, na mkubaliane nani atatazama picha na nani hatatazama. Wakisema hapana, iwe hapana. Mtaalamu mwenye heshima anaweza pia kupiga sehemu ya kitu tu, kwa mfano miguu inayoliwa na mchwa, akaacha tumbo.

Kuhusu vitu vya ardhini, upo mfano kutoka pwani ya Kenya ambao kila mchimbaji wa Banalia angepaswa kuujua. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, waakiolojia waliona shimo lenye mifupa laini mno. Ukiigusa, inageuka unga. Hawakuendelea kufukua. Walilifunga bonge lote la udongo kwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, kisha maabara ya CENIEH huko Burgos, Hispania, likapigwa skana na kusafishwa kidogo kidogo. Ndani alikuwamo mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa. Walimwita Mtoto. Alizikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita, na habari zake zilichapishwa mwaka 2021. Kama wangeitoa mifupa mmoja mmoja, pengine wangebaki na vumbi. Basi ukikuta chungu au mfupa katika shimo la dhahabu, usikitoe. Kata udongo kukizunguka, uache kimeshikwa na udongo wake, ufunge kwa kitambaa na plasta au hata kwa majani na kamba, upige picha mahali kilipotoka, kisha umwite mtu wa Chuo Kikuu cha Kisangani.

Na almasi? Kwanza acha nyundo. Almasi ni ngumu kuliko mawe yote kwa kukwaruza, lakini hupasuka ikigongwa katika mwelekeo wake wa asili, na mawe mengi halisi yamegeuzwa makombo na watu waliodhani wanayathibitisha. Almasi ni kaboni tupu, chembe nyepesi, na eksirei hupita ndani yake kwa urahisi. Kioo, zirkoni na zirkonia huzuia mionzi zaidi na huacha kivuli kizito. Hata topazi, ambayo msongamano wake ni karibu sawa na wa almasi, yaani takriban gramu 3.5 kwa sentimita ya ujazo, na hivyo huweza kumdanganya anayepima kwa mizani na maji, huonekana tofauti kwenye eksirei kwa sababu ina alumini na silikoni. Tena hapa huhitaji skana ya vipande. Picha moja ya kawaida ya hospitali, jiwe lako likiwekwa kando ya almasi inayojulikana na ya unene ule ule, tayari inasema mengi.

Migodi mikubwa hutumia tabia hiyo hiyo. Karowe nchini Botswana, mitambo ya kupitisha eksirei huchambua mawe kabla hayajasagwa. Ni huko ilikotoka almasi ya karati 1,109 mwezi Novemba 2015, na nyingine ya karati 2,492 mwaka 2024. Hata hivyo eksirei haitakuambia kama almasi imetoka ardhini au imetengenezwa kiwandani, maana zote mbili ni kaboni. Swali hilo ni la maabara zinazopima vito kwa mwanga. Na tafadhali usimpe msafiri jiwe ghafi alipeleke nje "kupimwa tu". Almasi ghafi haivuki mpaka bila cheti cha Mchakato wa Kimberley, na nchini kwetu kinapitia CEEC, taasisi ya serikali ya kuthamini na kuthibitisha madini. Jiwe likikamatwa bila cheti, umelipoteza.

Dhahabu nitaipitia upesi, kwa sababu skana haikufai sana. Dhahabu ina msongamano wa 19.3, na milimita chache zake humeza karibu mionzi yote ya mashine za kawaida, kwa hiyo ndani ya kipande kinene hutaona kitu ila michirizi. Pima uzito hewani, kisha ndani ya maji, ugawe uzito wa hewani kwa upungufu. Risasi iliyochanganywa itajulikana mara moja, maana yenyewe ni 11.3. Tungsteni ina 19.25 na hupita kipimo hicho, lakini haipiti moto: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, tungsteni kwenye 3,422. Pale skana inapong'aa ni kwenye jiwe la mgodi lenye chembe za dhahabu ndani ya kwatsi, ambapo chembe huonekana kama nyota na mtaalamu anaweza kusema zimekaaje kabla hujaamua namna ya kusaga.

Mafundi wa injini za mitumbwi na pikipiki pia huniuliza. Pistoni au kichwa cha injini cha alumini kingepita vizuri kwenye skana, na viwanda vya ndege hufanya hivyo kutafuta mapovu ya hewa. Wewe tumia chaki. Safisha chuma, kipake mafuta ya taa, ngoja robo saa, kipanguse kikauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha katika ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi. Njia hii ni ya zamani na inaona nyufa zinazofika nje. Kwa welding ya kivuko au daraja, wataalamu hutumia mawimbi ya sauti au eksirei ya kubebeka, wakati mwingine chanzo cha iridiamu kilichofungwa ndani ya kopo zito. Ukikuta kopo la chuma zito lenye alama ya mapanga matatu ya mionzi, usilifungue, usilichukue uuze kama chuma chakavu, waondoe watoto na utoe taarifa. Mamlaka yenye kazi hiyo nchini ni CNPRI.

Mashine ya eksirei yenyewe ikizimwa haina mionzi, na kitu kilichopigwa skana hakibaki na sumu yoyote. Unaweza kuirudisha sanamu nyumbani na kuishika siku hiyo hiyo. Lakini si kweli kwamba kitu hakibadiliki kabisa. Chungu kilichochomwa hubeba ndani yake saa ya asili ambayo maabara huisoma kwa joto ili kukadiria umri, na skana huivuruga saa hiyo. Kama unataka umri, sampuli ya umri itolewe kwanza. Vivyo hivyo baadhi ya vito vya rangi, yakuti kwa mfano, na baadhi ya vioo hubadilika rangi kwa mionzi mikali. Mwambie mwendeshaji kabla.

Ukiamua kwenda, mlango wa karibu zaidi unaweza kuwa hospitali yoyote yenye skana. Mashine ya hospitali huona hadi kama nusu milimita, na nguvu yake, kilovoti 140 kwa kawaida, inatosha kwa mbao na udongo. Haifai kwa chuma. Misumari katika sanamu itatupa michirizi ya uongo pande zote, na usije ukaisoma kama nyufa. Nenda kwa barua, omba saa isiyo ya wagonjwa, na mgonjwa akitokea kitu chako kisubiri. Omba vipande vyembamba kabisa na mpangilio wa mfupa. Kwa ukali mkubwa zaidi, Afrika Kusini ina kituo cha skana cha Chuo Kikuu cha Stellenbosch na kingine Pelindaba, na Ulaya iko Ghent.

Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kufunga mzigo. "Kuna nini ndani?" ni swali litakalokurudishia picha nzuri zisizokusaidia. "Je, bungua bado wako hai, na mdomo mwembamba una unene gani?" litamfanya mwendeshaji apange mashine ipasavyo. Kwa bungua, omba skana mbili zilizoachana siku kadhaa: funza aliyehama yuko hai.

Hatari kubwa ya safari kwa mbao zetu ni ukavu. Kitu kilichoishi miaka hamsini katika unyevu wa Aruwimi kikiingizwa ghafla katika chumba chenye kiyoyozi kinaweza kupasuka mbele ya macho yako, na skana itapiga picha ya ufa ulioletwa na safari. Kifunge katika plastiki isiyopitisha hewa kikiwa bado nyumbani, na kipigwe skana kikiwa ndani ya plastiki hiyo, maana eksirei haioni tabu nayo. Zungushia sponji, si waya wala minyororo. Kikae imara, kwa sababu kikiyumba hata kidogo wakati wa kuzunguka, picha yote huwa ukungu. Kipime uzito kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, mbele ya mashahidi, na uandike.

Mwisho, dai data yenyewe, si picha tatu za rangi kwenye karatasi. Skana moja kamili inaweza kufika gigabaiti 16, kwa hiyo nenda na diski yako, usitegemee intaneti ya Banalia. Omba vipande vyote katika muundo wa TIFF au DICOM, pamoja na maandishi ya kilovoti zilizotumika na ukubwa wa kila nukta ya picha. Programu za 3D Slicer na Fiji huvifungua bure. Mkubaliane kwa maandishi kwamba data ni ya wenye kitu na haichapishwi bila idhini yao. Kisha nakala moja ikae kwa chifu au familia, nyingine Chuo Kikuu cha Kisangani, na kama ni ya mbao, nyingine Yangambi, ikiwa na jina la kijiji, jina la mchongaji kama linajulikana, na tarehe.